Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake yasubiri: mwongozo wa antibayotiki kwa mfugaji wa nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu hapa Kibosho, mama anayegandisha mtindi na kuuteremsha Moshi mjini mara mbili kwa wiki, alinijia asubuhi na sufuria mkononi. "Dada, maziwa yako yana nini? Leo siku ya tatu hayajaganda." Nikachungulia. Maziwa yalikuwa mepesi vile vile kama yalivyotoka kwenye ndoo, na badala ya harufu ya kuchachuka yalikuwa yameanza kutoa uvundo. Siku nne kabla ya hapo ng'ombe wangu alichomwa sindano ya antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele. Aliyemchoma hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Nikaendelea kukamua na kuuza. Dawa iliyomo kwenye maziwa ndiyo iliyoua vile vijidudu vyema vinavyogandisha mtindi. Hasara ya jirani niliilipa. Lakini nyumba nyingine tatu zilikuwa zimechukua maziwa yale yale kwa ajili ya uji wa watoto, na huko hakuna mtindi wa kugoma ili watu wajue.

Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafuata tangu wakati huo. Ni ya mtu mwenye ng'ombe wawili watatu bandani, wanaokula majani na migomba ya kukatiwa, na kuku mia au mia mbili nyuma ya nyumba.

Kwanza tutenganishe mambo mawili

Watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mabaki ya dawa: ile dawa yenyewe inayotoka kwenye maziwa, mayai au nyama na kuingia kwa mlaji. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika na kiasi kidogo tu. La pili ni usugu: bakteria waliokutana na dawa wakanusurika, wakazaana, na sasa dawa ile haiwawezi tena. Hawa hawatoki kwenye maziwa peke yake. Wapo kwenye kinyesi, kwenye mikono ya mkamuaji, kwenye mbolea tunayomwaga mchichani.

Penisilini, tetrasaiklini, salfa na jentamaisini tunazowachoma ng'ombe ni ndugu wa dawa tunazopewa sisi wenyewe hospitalini. Mgonjwa aliyelazwa KCMC, hospitali yetu kubwa ya Moshi, na kidonda kisichosikia dawa anaweza kuwa na bakteria waliojifunza ukaidi popote, hata bandani. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi ndogo isiyoua bakteria huwafundisha kuizoea dawa. Kwenye mabanda yetu dozi ndogo ndiyo desturi, na nitalirudia jambo hili mbele.

Hatua ya 1: Jua unatibu nini

Nunua kipimajoto. Kipake mafuta kidogo, kiingize njia ya haja kubwa, kigusane na ukuta wa utumbo, si katikati ya kinyesi, subiri dakika mbili. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Akifika 40 au 41 ana homa ya kweli. Kazi hii haimhitaji mtaalamu, na inaokoa dawa nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua.

Mfano mmoja. Ng'ombe mwenye maziwa mengi amezaa jana, leo amelala, hainuki, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Mara nyingi hapa kwetu anachomwa antibayotiki. Ukimpima utakuta joto liko chini. Hiyo ni homa ya maziwa, na jina lake linapotosha, maana si homa. Damu yake imepungukiwa kalsiamu. Anahitaji kalsiamu kutoka kwa mtaalamu, na haraka. Antibayotiki haimwinui, na saa zinazopotea ndizo zinazomuua.

Ndigana kali vile vile. Matezi chini ya sikio na mbele ya bega yanavimba, homa inapanda, mwishoni anahema kwa shida. Inaletwa na kupe, na kimelea chake si bakteria. Oksitetrasaiklini, ile "OTC" tunayoijua wote, haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Inahitaji dawa yake, buparvakwoni, na mapema. Ndigana baridi nayo hutoka kwa kupe, lakini yenyewe OTC inaiweza. Majina yanafanana na dawa ni tofauti, kwa hiyo usitibu kwa jina ulilosikia kwa jirani.

Upande wa kuku, mdondo, gumboro na ndui ni virusi. Hakuna antibayotiki inayoua virusi. Mdondo ukishaingia bandani umeingia, na unga wa njano wa antibayotiki uliomwagwa kwenye maji utabaki kwenye mayai ya wale watakaopona. Kuhara damu kwa vifaranga kuna dawa zake mahususi, na mara nyingi chanzo ni matandiko yaliyolowa.

Hatua ya 2: Ita mtu anayestahili, na umuulize

Hapa Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu mifugo awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Kata nyingi zina ofisa mifugo. Sisi tumezoea kumwita yeyote mwenye bomba la sindano "daktari", na kwa heshima hiyo hiyo tunaogopa kumuuliza. Uliza. Unaweza kusema kwa adabu kabisa: "Daktari, naomba kuiona chupa. Ni ugonjwa gani huu? Tutachoma siku ngapi? Na maziwa nisiuze mpaka lini?"

Anayekuja na dawa tayari imevutwa ndani ya bomba, chupa haionekani, mwambie asubiri. Mtaalamu wa kweli hakasiriki.

Hatua ya 3: Dukani

Soma chupa kabla ya kulipa: jina la dawa yenyewe (si la biashara tu), nguvu yake, tarehe ya mwisho, usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na maandishi ya siku za kusubiri kabla maziwa, mayai au nyama havijaliwa. Isiyoandikwa siku za kusubiri naiacha hapo hapo, nami nakushauri hivyo. Dawa ya kupimiwa kijiko kwenye karatasi la daftari usiichukue. Chupa iliyopangwa dirishani kwenye jua pia usiichukue.

Jambo la kapsuli za rangi mbili linaniuma sana. Nimeona watu wakizifungua na kuzimwaga kwenye maji ya vifaranga. Hizo ni dawa za binadamu, hakuna dozi ya kifaranga iliyoandikwa popote, na mlaji hana namna ya kujua asubiri siku ngapi.

Angalia pia pakiti za "vitamini" za kuku. Baadhi yake zina oksitetrasaiklini ndani, imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Unadhani unawapa nguvu ya kutaga, kumbe unawapa antibayotiki kila wiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Na ukikutana na neno kolistini kwenye pakiti, irudishe. Hiyo ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa za kuokoa binadamu, na mwaka 2015 watafiti wa China walieleza jeni ya usugu wa dawa hiyo inayoruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, waliyoikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa.

Hatua ya 4: Dozi iendane na kilo

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Ng'ombe anatazamwa kwa macho, bomba linavutwa ml 10, basi.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Wangu mwekundu alikuwa na kifua sm 165 na urefu sm 140. Mara 165 kwa 165 ni 27,225, mara 140 ni 3,811,500, ukigawa unapata kilo 351 na ushee. Sasa chupa ya OTC iliyokuwa mkononi ilisema ml 1 kwa kila kilo 10. Alihitaji ml 35. Aliyekuwa akimtibu zamani alimpa 10. Yaani miaka yote ile alikuwa akipata chini ya theluthi ya dozi, halafu tukilalamika kwamba "dawa za siku hizi hazifanyi kazi".

Dozi kubwa kama hiyo haichomwi sehemu moja. Inagawanywa, kwa kawaida isizidi ml 10 hadi 20 kila mahali kama lebo inavyosema, la sivyo msuli unaharibika na dawa inakaa humo kwa muda mrefu. Na kama umeambiwa siku tatu, ziwe tatu, hata kama jana jioni alianza kula. Anayekula siku ya pili bado ana bakteria walio hai ndani yake, wale wagumu kuliko wenzao.

Kwa kuku: jua kwanza wanakunywa maji kiasi gani. Kuku 200 wa mayai hunywa lita 40 hadi 50 kwa siku, na joto likipanda huzidi. Dawa ipimwe kwa maji watakayoyamaliza siku hiyo, yachanganywe mapya kila asubuhi, na vyombo vingine vya maji viondolewe. Kuku aliyezidiwa hanywi, kwa hiyo mtenge na umnyweshe peke yake.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Siku za kusubiri huanza baada ya sindano ya mwisho. Si ya kwanza. Kwenye chupa yangu ya OTC ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, imeandikwa siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama. Yako inaweza kuandika tofauti, na dawa za penisilini zina hesabu yake. Fuata chupa iliyotumika, usifuate kumbukumbu.

Mimi nina kalenda imetundikwa mlangoni pa banda, na kalamu nyekundu imefungwa kwa uzi. Siku ya sindano ya mwisho natia duara, nahesabu, naandika "RUKSA" kwenye siku ya kuanza kuuza. Ng'ombe mwenyewe anavaa kitambaa chekundu mguuni. Hii ni kwa sababu si mimi peke yangu ninayekamua. Kuna kijana, kuna binti yangu akiwa likizo, na kuna siku shangazi anasaidia. Kitambaa kinamwambia kila mmoja wao. Anayevaa kitambaa anakamuliwa wa mwisho, kwenye ndoo yake.

Hata kama umetia mrija wa dawa kwenye chuchu moja tu, maziwa ya chuchu zote nne yanasubiri. Dawa huingia kwenye damu na kurudi kiwele kizima.

Utasikia maneno haya: "Nitayachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima siku zote. Ila dawa haiondoki kwa kuchemka, na penisilini huvumilia moto vizuri. "Nitayachanganya na ya wengine." Hapo umechafua na ya wengine. "Kituoni wanapima, wangeyakataa." Kile kipimo cha spiriti na ile laktomita vinaonyesha maziwa yaliyoanza kuharibika au yaliyotiwa maji, antibayotiki havioni. Kwenye ushirika kama ule wa kinamama wa Nronga kule Machame, maziwa ya nyumba nyingi hukutana, na debe moja lenye dawa linaweza kuharibu mtindi wa wote.

Uyapeleke wapi? Usimpe ndama, maana unamlea na usugu tumboni tangu utotoni. Usiyamwage kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, maana maji yale yana wenyewe huko chini. Usiyatie kwenye mtambo wa bayogesi, utaua bakteria wanaotoa gesi. Chimba shimo mbali na maji, mwaga, fukia.

Najua inauma. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku, siku 7 ni lita 70 shimoni, na ada ya shule haisubiri. Nimesimama na ndoo ile mkononi zaidi ya mara moja. Wateja waambie kabla: "Mama, wiki hii maziwa sitaleta, ng'ombe anatibiwa, nitaanza tena Jumatano." Sijapoteza mteja hata mmoja kwa maneno hayo. Wawili wameniletea wengine.

Mayai yanahesabiwa vivyo hivyo, na dawa nyingine lebo inasema wazi zisipewe kabisa kuku wanaotaga mayai ya kula.

Kwa nyama, kosa letu kubwa ni kumwahisha mnyama bucha akiwa ameshindikana, dawa zote bado zimo mwilini. Na fikiria Desemba. Ndugu wanapanda kutoka Dar, kila boma lina mbuzi wa ndafu. Kama dawa yake ni ya siku 28 na utachinja tarehe 25, sindano ya mwisho isipite tarehe 27 Novemba. Mbuzi akiugua baada ya hapo, mtibu, ila atafutwe mwingine wa sikukuu.

Hatua ya 6: Usifike kwenye sindano

Kiwele ndicho kinachokula dawa nyingi kwa ng'ombe wa maziwa, na kukikinga ni kazi ya mikono. Banda kavu. Nawa kwa sabuni. Osha chuchu, kausha kila ng'ombe kwa kitambaa chake. Michirizo ya kwanza kamulia kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi: ukiona vidonge kama vya jibini, maji maji au damu, umeugundua mapema. Kamua mpaka kiishe. Chovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini, kisha mpe majani apate kusimama nusu saa, maana tundu la chuchu hubaki wazi baada ya kukamua, na akilala kwenye kinyesi hapo hapo, vijidudu vinapanda.

Kiwele kinaweza kuugua bila kuonyesha. Kila baada ya wiki mbili nafanya hivi: gramu 15 za sabuni ya unga kwenye nusu lita ya maji, nachanganya kiasi sawa na maziwa ya kila chuchu kwenye kisahani chake, nazungusha. Maziwa mazima yanabaki mepesi. Ya chuchu inayougua yanakuwa mazito, yanavutika kama uji wa mlenda. Ukiona hivyo, kamua chuchu hiyo mara nyingi zaidi na umwite mtaalamu.

Mengine yanajulikana ila hayafanywi. Ndama apate dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndani ya saa sita za mwanzo. Kupe wadhibitiwe kila wiki, na uliza kuhusu chanjo ya ndigana kali, hudungwa mara moja. Kuku wapewe chanjo ya mdondo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na gharama yake haifiki hata ya trei moja ya mayai yaliyotupwa.

Mbolea irundike, ifunike, ipate joto na kuoza kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda kwenye mboga zinazoliwa majani.

Hatua ya 7: Dawa ikishindwa

Usipande kwenda dawa "kali zaidi" kwa kubahatisha. Kamua maziwa kidogo ya chuchu inayougua kwenye chupa safi iliyochemshwa, baada ya kufuta ncha ya chuchu kwa spiriti, iweke kwenye baridi na ipelekwe maabara siku hiyo hiyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) wana kituo Arusha, na ofisa mifugo atakuelekeza. Wataotesha bakteria na kujaribu dawa ipi inawaweza. Daftari lako la matibabu liende pamoja: tarehe, jina la mnyama, dawa, ml, siku ngapi, alipona au la. Mistari sita, inatosha.

Na chupa iliyobaki nusu

Hii ndiyo hukaa darini juu ya banda, na ndiyo inayochomwa kwa mnyama mwingine miezi mitano baadaye, ugonjwa mwingine, bila kupima joto. Chupa ya sindano ikishatobolewa ina siku zake chache za kutumika, zimeandikwa kwenye lebo. Zikipita, usiimwage chooni wala shambani. Mimi sindano zilizotumika naziweka kwenye dumu gumu la mafuta lenye kifuniko, chupa zenye mabaki kwenye boksi, na vyote viwili namkabidhi bwana mifugo anapopita. Darini sasa kuna kipimajoto, utepe na kopo la ayodini.